Mbwa Jike Anapoingia Joto kwa Mara ya Kwanza: Wiki Nne za Kulinda Nyumba, Ploti na Mtaa

Somo hili ni la mkazi yeyote wa kaunti anayefuga mbwa jike mchanga, na hasa aliye katika mitaa yenye msongamano kama Eastleigh. Wengi hununua au hupewa mbwa jike akiwa mdogo ili alinde duka, godauni, gereji au nyumba. Humlisha vizuri, naye hukua haraka. Kisha asubuhi moja mwenye mbwa anaamka na kukuta matone ya damu sakafuni na madume manne yamelala mbele ya geti. Asiyejua la kufanya siku hiyo huishia kuwa na mimba asiyoitaka, ugomvi na majirani, au mbwa mgonjwa.

Ukimaliza somo hili utaweza:
- kutambua dalili za joto la kwanza;
- kuhesabu siku za hatari;
- kumtunza mbwa wako ndani ya ghorofa au ploti bila kuwasumbua majirani;
- kujua wakati wa kumwona daktari wa mifugo;
- kuamua mapema kama utamfunga kizazi.

1. Kwa nini jambo hili ni la mtaa mzima

Huenda ukafikiri kwamba joto la mbwa wako ni shauri lako peke yako. Katika Eastleigh si hivyo. Kuanzia Section One hadi Section Three, nyumba zimebanana, ngazi ni za watu wengi, na geti moja hutumiwa na familia nyingi. Mbwa jike akiwa kwenye joto, harufu yake huwavuta madume kutoka mbali. Huja na kulala getini, hupigana usiku, hukojolea milango, na baadhi yao hawana mwenyewe wala chanjo.

Watu wanaopita hapo hawana namna ya kuwakwepa. Kuna watoto wanaotoka alfajiri kwenda shule, na wengine wanaokwenda madrasa jioni. Kuna wafanyabiashara wanaofungua maduka mapema. Kuna majirani wanaotembea kwenda msikitini kabla ya jua kuchomoza, wakiwa tayari wametia udhu. Kwa mafundisho ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa eneo hili, kitu kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo kundi la mbwa kwenye ngazi humtatiza jirani huyo katika ibada yake, mbali na kumtia hofu.

Lipo pia jambo la kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na kuumwa au kukwaruzwa na mbwa. Ili ugonjwa huu ukome kusambaa, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa kuchanjwa. Chukua mfano huu wa hesabu. Mtaa una mbwa 100, na 70 kati yao wamechanjwa, kwa hiyo lengo limefikiwa. Majike wachache wakizaa watoto 30 ambao hakuna aliyepanga kuwalea, sasa mbwa ni 130 na waliochanjwa bado ni 70. Asilimia imeshuka hadi takribani 54 bila mtu yeyote kukataa chanjo. Kinga ya mtaa inaweza kubomoka kwa sababu ya mageti machache yaliyoachwa wazi kwa siku chache.

2. Joto ni nini na huanza lini

Joto ni kipindi ambacho mwili wa mbwa jike huwa tayari kushika mimba. Mbwa wengi hupata joto la kwanza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 12. Mbwa wenye maumbo madogo huweza kuanza mapema zaidi, na wale wakubwa wa ulinzi huweza kuchelewa hadi mwaka mmoja na nusu au zaidi. Baada ya hapo, wengi huingia joto takribani kila baada ya miezi 6 au 7. Tofauti na binadamu, mbwa hafikii umri wa kukoma kabisa. Anaweza kuendelea kupata joto hadi uzeeni.

Dalili za kuangalia ni hizi:
- uke kuvimba;
- matone ya damu sakafuni, kwenye matandiko au kwenye miguu ya nyuma;
- kujilamba mara kwa mara;
- kukojoa kidogokidogo sehemu nyingi, hata kama amefunzwa kukojoa mahali pamoja;
- kubadilika tabia: wengine huwa wakali au wenye wasiwasi, wengine huwaganda wenyewe muda wote;
- madume kuanza kumfuata na kukaa karibu na geti.

Joto la kwanza lina ujanja wake. Mara nyingine damu huwa kidogo sana, na mbwa mwenyewe huilamba yote usiione. Mara nyingine dalili huanza, zikakoma, kisha zikarudi wiki chache baadaye. Ndiyo maana, mbwa wako akifikisha miezi mitano, unashauriwa kumkagua angalau mara mbili kwa wiki. Mpanguse kwa kitambaa cheupe au karatasi ya shashi chini ya mkia. Ukiona wekundu, andika tarehe hiyo kwenye kalenda.

3. Hesabu ya siku

Siku unapoona damu kwa mara ya kwanza iite Siku ya 1. Kipindi chote kwa kawaida huchukua takribani wiki tatu, lakini kwa wengine ni wiki mbili na kwa wengine ni nne. Kwa usalama, panga kumfungia kwa siku 28 kamili.

*Hatua ya kwanza, takribani Siku ya 1 hadi ya 9.* Uke umevimba na damu ni nyekundu. Madume yanamtaka, lakini yeye huyafukuza, huketi chini au hung'aka.

*Hatua ya pili, takribani Siku ya 10 hadi ya 18.* Damu hupungua, ikawa ya rangi ya waridi au ute wa rangi ya majani makavu. Uvimbe hulainika. Ukimgusa mgongoni karibu na mkia, husimama tuli na kusogeza mkia upande mmoja. Hapa sasa anakubali kupandwa, na hizi ndizo siku za hatari kubwa zaidi.

*Hatua ya mwisho, takribani Siku ya 19 hadi ya 28.* Uvimbe unashuka, ute unakauka, na madume polepole yanaacha kuja.

Usizichukulie tarehe hizi kama saa ya ukutani. Hatua ya kwanza inaweza kuwa ya siku 3 tu kwa mbwa mmoja na ya siku 17 kwa mwingine. Pia, mbegu za dume huweza kuishi ndani ya mwili wa jike kwa siku kadhaa, hata wiki nzima. Kwa hiyo jike aliyepandwa kabla ya siku zake za rutuba bado anaweza kushika mimba.

Tuseme umeona damu tarehe 1 Machi. Kuwa macho zaidi kuanzia mwishoni mwa wiki ya kwanza. Usimlegezee kamba kabla ya tarehe 28 Machi, hata kama damu imekoma tarehe 11. Kama atapandwa tarehe 12 Machi, atazaa karibu tarehe 14 Mei, kwa kuwa mimba ya mbwa huchukua takribani siku 63. Na jike atakayezaliwa siku hiyo anaweza naye kuingia joto katikati ya Novemba. Mwaka haujaisha, na tayari kuna kizazi cha pili.

4. Kumtunza nyumbani

*Kwa anayeishi katika ghorofa.* Mchagulie mbwa chumba kimoja au pembe moja yenye sakafu inayosafishika, kama vile jikoni au kwenye korido ya ndani. Mtandikie shuka kuukuu unazoweza kufua. Funga mlango mkuu kabla ya kufungua wa chumba chake, ili asichomoke mgeni anapoingia. Usimwache kwenye paa la kuanikia nguo. Jike aliye kwenye joto hutafuta madume kwa bidii, na anaweza kuruka ukuta ambao siku nyingine haujaribu hata kuusogelea.

*Kwa anayeishi kwenye ploti au kulinda godauni.* Kosa kubwa ni kumfunga kwa mnyororo nje. Mnyororo unamzuia yeye kutoka, lakini haulizuii dume kuingia, na aliyefungwa hana pa kukimbilia. Mweke ndani ya chumba au kibanda chenye paa, kuta imara na mlango wa komeo. Kagua mabati yaliyooza, mashimo chini ya geti na mifereji ya maji. Dume huchimba, hupanda na hupenya mahali ambapo hukudhania. Ukimhitaji kwa ulinzi usiku, fahamu kwamba katika wiki hizi akili yake haipo kazini. Tegemea taa, kufuli na mlinzi wako.

*Matembezi.* Mtoe kwa kamba fupi imara, ukiishika wewe mtu mzima. Usimtume mtoto. Chagua saa ambazo njia ni tulivu, na epuka Jam Street, First Avenue na vichochoro vya nyuma ya hoteli na bucha ambako mbwa hukusanyika kutafuta mabaki. Mtoe kwa muda mfupi, ajisaidie na kurudi. Dume likikufuata, usikimbie wala usimpige teke. Simama kati yake na mbwa wako, kisha rudi nyumbani taratibu. Usithubutu kuweka mkono kati ya mbwa wanaopigana.

*Usafi.* Damu ifute upesi kwa maji baridi na sabuni. Maji ya moto huifanya doa ligande. Osha pia geti, ngazi na ukuta wa nje mahali alipokojoa, kwa kuwa harufu hiyo ndiyo tangazo linaloita madume. Maji yakija kwa mgao, weka mtungi mmoja kando kwa kazi hii. Nawa mikono baada ya kumhudumia.

*Nepi.* Unaweza kutumia nepi ya mtoto iliyotobolewa tundu la mkia, au chupi kuukuu yenye pamba ndani. Ibadilishe mara kwa mara na umvue anapokwenda haja, la sivyo ngozi itaungua na mkojo. Kumbuka: nepi husaidia sakafu isichafuke, lakini haizuii mimba hata kidogo.

*Chakula na utulivu.* Anaweza kula kidogo kwa siku kadhaa. Mpe maji safi wakati wote na chakula chake cha kawaida. Asipigwe kwa kuchafua sakafu au kulia usiku; hana uwezo wa kujizuia. Mpe mfupa mkubwa usiopikwa au kitu cha kutafuna, na muda wa kukaa naye.

*Kama una dume pia.* Watenganishe nyumba tofauti, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Mbwa hawajali undugu, na dume la miezi sita hivi linaweza kuwa tayari kupanda. Mlango mmoja kati yao hautoshi ikiwa kuna watoto nyumbani wanaofungua na kusahau kufunga. Hata dume lililohasiwa karibuni linaweza kubaki na mbegu kwa wiki kadhaa.

5. Zungumza na majirani mapema

Usingoje malalamiko. Siku unapoona damu, mweleze msimamizi wa ploti na majirani wa karibu: "Mbwa wangu yuko kwenye joto. Nitamfungia kwa wiki nne. Tafadhali tufunge geti kila tunapopita, na mkiona madume yamekusanyika mniite." Maneno hayo machache huzuia ugomvi mwingi. Ikiwa jirani hataki kuguswa na mbwa kwa sababu ya dini au hofu, mpishe kwenye ngazi. Wewe ndiwe unayesubiri na mbwa wako. Kama wewe ni mpangaji, hakikisha kwanza kwamba mwenye nyumba ameruhusu mbwa.

Kwa upande wa majirani: usiwarushie mawe madume yaliyo getini, maana mbwa aliyepigwa huuma yeyote aliye karibu, na mara nyingi huyo ni mtoto. Usiweke sumu. Sumu haichagui kati ya mbwa, paka na mtoto anayecheza mchangani, na kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Kama kundi limezidi, pigeni ripoti katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Kwa wakazi wa Eastleigh North, Eastleigh South, Airbase, California na Pumwani, hiyo ni Kaunti Ndogo ya Kamukunji.

6. Dhana zisizo za kweli

*"Joto la kwanza halishiki mimba."* Linashika. Tena mbwa wa miezi saba anaweza kubeba mimba wakati yeye mwenyewe bado anakua, na kuzaa kwake kukawa kugumu.

*"Damu ikikoma, hatari imekwisha."* Ni kinyume. Mara nyingi damu inapofifia ndipo anapokuwa tayari kupandwa.

*"Lazima azae mara moja kabla ya kufungwa kizazi, ndipo awe na afya."* Hakuna faida ya kiafya anayopata mbwa kwa kuzaa kwanza.

*"Mpe vidonge au sindano ya kupanga uzazi ya watu."* Usifanye hivyo. Homoni za aina hii huongeza hatari ya usaha kwenye mji wa mimba na uvimbe kwenye matiti. Vivyo hivyo, usikubali sindano ya kuzuia joto kutoka kwa mtu asiye na leseni. Madaktari wa mifugo husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na una haki ya kuuliza.

7. Akipandwa kwa bahati mbaya

Mbwa wakipandana hunasana, na hubaki hivyo kwa dakika 5 hadi nusu saa, pengine zaidi. Katika mitaa yetu watoto wakiona hivyo hukusanyika, wakamwagia mbwa maji au kuwapiga kwa fimbo. Wakataze. Wakishanasana mbegu tayari zimeingia, na kuwatenganisha kwa nguvu huwaumiza wote wawili. Wasubirie, uwazuie watu, nao wataachana wenyewe.

Kisha fanya haya:
- andika tarehe;
- endelea kumfungia, kwa maana anaweza kupandwa na dume la pili na la tatu, na kuzaa watoto wa baba tofauti katika mimba moja;
- mwone daktari wa mifugo ndani ya siku chache, umweleze kama unataka mimba hiyo au hutaki. Zipo njia za kuisitisha, lakini kila moja ina wakati wake na hatari zake, na ni daktari tu anayeweza kuchagua;
- baada ya wiki nne hivi, daktari anaweza kuthibitisha kwa picha ya mawimbi ya sauti kama ana mimba.

Kupandwa na madume ya mtaani kuna hatari nyingine: uvimbe wa kansa unaoambukizwa kwa kupandana. Huota kwenye sehemu za siri, hufanana na koliflawa na hutoa damu. Ukiona mbwa wako anaendelea kudondosha damu wiki nyingi baada ya joto kuisha, usidhani ni joto refu. Uvimbe huu hutibika vizuri kwa dawa ya sindano ukigunduliwa mapema.

Watoto wakizaliwa, wajibu ni wako. Kuwatupa jalalani au kando ya Mto Nairobi ni ukatili, na wale wanaosalimika ndio huja kuwa mbwa wasio na chanjo wanaolala getini kwako mwaka unaofuata.

8. Wiki nane baada ya joto

Wafugaji wengi hufikiri kazi imeisha damu ikikauka. Lakini ugonjwa mbaya zaidi wa uzazi kwa mbwa jike hutokea baadaye, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nane baada ya joto. Ni usaha kujaa kwenye mji wa mimba. Huwapata zaidi mbwa wenye umri mkubwa, lakini hata aliyepata joto lake la kwanza anaweza kuupata. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo ukiona:
- anakunywa maji mengi na kukojoa kupita kawaida;
- hataki kula, anatapika au amelegea;
- tumbo limevimba;
- anatoa usaha au ute wenye harufu mbaya. Fahamu kwamba wengine hawatoi chochote kwa sababu mlango wa mji wa mimba umefunga, na hao ndio hufa upesi zaidi.

Ugonjwa huu hausubiri mwisho wa mwezi. Tiba yake ya kawaida ni upasuaji wa haraka.

Jambo jingine, ambalo si la kutisha, ni mimba ya uongo. Takribani wiki sita hadi nane baada ya joto, mbwa ambaye hakupandwa anaweza kuvimba matiti, kutoa maziwa na kubeba kiatu au mwanasesere kama mtoto wake. Usimkamue, maana kukamua huongeza maziwa. Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe ndani ya wiki chache. Matiti yakiwa mekundu na ya moto, mwone daktari.

9. Kumfunga kizazi

Kama huna mpango wa kuzalisha mbwa, kufunga kizazi ndilo suluhisho la kudumu. Daktari huondoa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia, mbwa akiwa amelazwa usingizi. Baada ya hapo hakuna joto tena, hakuna madume getini, wala usaha kwenye mji wa mimba. Hatari ya uvimbe wa matiti pia hupungua, hasa akifungwa akiwa bado mchanga.

Wakati unaofaa ni ama kabla ya joto la kwanza, ama takribani miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kwisha. Madaktari huepuka kupasua katikati ya joto kama hakuna dharura, kwa kuwa wakati huo mishipa ya uzazi imejaa damu. Kwa mbwa wakubwa sana wa ulinzi, muulize daktari umri unaofaa, kwani baadhi hushauriwa kungoja mifupa ikomae. Katika mfano wetu wa tarehe 1 Machi, miadi ya Juni ingefaa, kabla joto la pili halijafika karibu na Septemba.

Huduma hii inapatikana kwa madaktari binafsi waliosajiliwa, katika kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Upper Kabete, na kwa shirika la kutetea wanyama la KSPCA lililoko Karen. Uliza gharama kabla, na uulize kama kuna kampeni ya bei nafuu inayokuja. Baada ya upasuaji, mzuie kuruka na kulamba mshono kwa siku 10 hadi 14.

10. Chanjo na sheria

Mbwa hupata chanjo ya kwanza ya kichaa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Hakikisha amechanjwa kabla ya joto la kwanza, kwa kuwa hizo ndizo wiki atakazosogelewa na mbwa wengi usiowajua. Weka cheti mahali unapoweza kukipata. Kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kuthibitishwa nchini kilikuwa cha mbwa wa viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Zaidi ya karne imepita, na nchi sasa ina mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia mwaka 2030. Ufugaji wa mbwa jijini unaongozwa pia na sheria ya kaunti. Uliza ofisi ya mifugo kuhusu leseni.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kidogo: osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake mafuta, majivu wala pilipili. Ukianzishiwa chanjo, maliza dozi zote. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Maswali ya kujipima

1. Umeona damu tarehe 1 Juni. Tarehe 12 Juni damu imekoma. Je, unaweza kumfungulia mbwa wako?
2. Watoto wanawamwagia maji mbwa walionasana. Utawaambia nini?
3. Mwezi mmoja baada ya joto, mbwa wako anakunywa maji mengi na hataki kula. Utafanya nini?
4. Kwa nini kumfunga mbwa kwa mnyororo nje si njia ya kumlinda?

*Majibu.* (1) Hapana. Huenda ndiyo siku ya hatari zaidi. Ngoja hadi tarehe 28 Juni. (2) Waache na wasogee mbali. Mbwa wataachana wenyewe, na kuwavuta huwajeruhi. (3) Mpeleke kwa daktari leo, si kesho. Huenda ana usaha kwenye mji wa mimba. (4) Mnyororo hauzuii madume kumfikia, na unamnyima yeye nafasi ya kukimbia.

Kata ukurasa huu uubandike karibu na mlango, pamoja na kalenda. Kama mbwa wako ana miezi mitano leo, anza kumkagua wiki hii.